Kuta za ghala letu hazikuwa za saruji

Alhamisi. Ukungu mpaka saa tano.

Ghala la zamani la kijiji chetu litavunjwa Jumamosi ya wiki ijayo. Amesema hivyo mtendaji wa kijiji leo saa tatu asubuhi, akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mbele ya watu wasiozidi ishirini, nami nikiwa mmoja wao. Sababu aliyotoa ni ripoti ya mhandisi: kuta ni za matofali ya saruji yaliyochoka, yanamomonyoka, na jengo la namna hiyo halitengenezeki. Mahali pake litasimamishwa banda la chuma na bati.

Kisha akatoa ushahidi. Ni kipande cha gazeti, kimefunikwa plastiki ngumu kama kitambulisho. Alisoma taratibu, kama mtu anayesoma risala: "Ghala hilo la kisasa, lenye kuta imara za matofali ya saruji, limejengwa kwa nguvu za wananchi wenyewe."

Sentensi hiyo niliiandika mimi.

Kazi ya habari imenizoeza kumwacha mtu amalize. Lakini Rehema, aliyekuwa amesimama karibu yangu na khanga yake imelowa umande, alininong'oneza bila kugeuza shingo: "Dada, umesikia? Wewe ndiye shahidi wao."

Rehema ndiye aliyenipigia simu jana, aliposikia mtendaji anaita watu, nikapanda na gari la asubuhi kutoka Lushoto mjini, ninakoishi tangu nistaafu. Anaongoza kikundi cha wanawake kinachohifadhi mbegu za viazi ndani ya ghala hilo. Mbegu za msimu ujao ziko mle sasa hivi, zimetandazwa gizani kwenye vichanja, zimeanza kutoa macho. Chini ya bati zitaoza kabla ya mvua, na Rehema hana mahali pengine pa kuzipeleka. Mwaka jana familia nyingi za huku zilipanda mbegu kutoka mle.

Hilo ndilo linalohitaji kuokolewa. Mengine yote ninayoandika hapa ni kumbukumbu, na kumbukumbu zinaweza kungoja.

Lakini leo hazikungoja.

Kijiji chetu kiliposajiliwa kuwa kijiji cha ujamaa, jengo la kwanza tulilotakiwa kujenga lilikuwa ghala. Mchoro ulikuja kutoka mjini, karatasi ya buluu iliyokunjwa mara nane, mchoro mmoja kwa vijiji vya pwani na vya milimani. Kuta za saruji, sakafu ya saruji, paa la bati, madirisha mawili madogo yenye nondo, mlango unaotazama barabara ili lori liingie kinyumenyume. Lilisimama haraka. Maharage, mahindi na viazi vikaingia.

Kisha ukaja mwezi wa sita. Anayejua Usambara anajua mwezi wa sita. Bati linapoa kama jiwe la mtoni, na alfajiri linatoa jasho. Matone yakaanza kudondokea magunia, tone baada ya tone, kila asubuhi.

Basi watu wakafanya walichofanya siku zote. Nyumba ya Kisambaa ya zamani ina dari, na chini ya dari kuna jiko. Moshi unapanda, unakausha mahindi, unafukuza fukusi, halafu unajipenyeza nje kupitia nyasi za paa. Hakuna aliyeitisha kikao. Walikoka moto katikati ya ghala jipya, wakarudishia mlango, wakaenda shambani.

Bati halipitishi moshi.

Viazi vilivyokuwa karibu na moto viliiva nusu. Maharage yakanuka. Mnunuzi aliyepanda na lori kutoka Mombo alitia mkono kwenye gunia, akanusa vidole, akauliza ni nani aliyemdanganya kwamba kijiji hiki kinauza maharage, maana yeye ameletewa samaki wa kukausha. Lori likashuka tupu.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi mijini na watu hucheka. Nyumbani hakuna aliyecheka. Magunia ya mama yangu yalikuwa mle.

Mwaka uliofuata uamuzi ulikuwa kulibomoa na kuanza upya. Mabati yakaenda kuezekea darasa. Milango na nondo zikawekwa pembeni. Matofali ya saruji yaliyotoka mazima yakapangwa chini ya mkaratusi, na aliyeyapanga ni Fundi Yohana, mwashi aliyefunzwa misheni, Mlutheri wa kanzu nyeupe Jumapili na suruali yenye viraka siku nyingine zote. Aliwahi kukarabati mapaa ya vigae pale Lushoto, yale yaliyoachwa na Wajerumani, na alikuwa na msemo wake kwamba paa zuri ni lile ambalo mjukuu wa aliyelijenga hajui jina la fundi.

Mimi nilikuwa likizo. Nilikuwa mwandishi mchanga wa gazeti, mwaka wangu wa pili kazini, na nilijiona nimeshajua mambo. Mama aliniambia nivue viatu vya mjini niende kwenye ngemo kama wengine. Ngemo ni kazi ya kuitana: leo wote kwenye shamba lako, kesho wote kwenye langu. Safari hii ilikuwa wote kwenye ghala.

Siku ya kwanza Fundi Yohana alipigilia vigingi, akavuta uzi kufuata barabara, kama mchoro ulivyotaka. Alipomaliza, Bi Zaina alikuja na ungo wake kichwani. Bi Zaina alikuwa mama yake Rehema, mwanamke mfupi, Mwislamu wa upande wa bondeni, mwenye sauti ya kusikika mashamba matatu. Alisimama, akautazama ule uzi.

"Fundi," akasema, "huo uzi wako unajua upepo unatoka wapi?"

Fundi Yohana alimjibu bila kuinuka. "Haujui kitu, Bi Zaina. Lakini angalau haunisemi."

Watu wakacheka, na mimi nilidhani yameishia hapo. Lakini alasiri ile Bi Zaina alimchukua fundi hadi ukingoni, mahali ambapo wanawake wa kijiji walikuwa wakipepeta maharage tangu enzi za bibi zao. Hawapepeti asubuhi, hakuna upepo. Hawapepeti jua likishakuwa chini, ukungu unapanda na makapi yanagandamana. Wanapepeta alasiri, saa ambapo bonde limepata joto na hewa yake inapanda mlimani, kavu, ya kasi moja, kana kwamba kuna mtu chini anaipuliza. Bi Zaina alinyanyua ungo, akarusha. Makapi yakaruka yote upande mmoja. Akarusha tena. Upande uleule.

Hakueleza zaidi. Fundi Yohana alisimama pale muda mrefu akiwa amelowesha kidole na kukinyoosha juu, mtu mzima, mbele ya wanawake, na hakuona haya. Kesho yake asubuhi aliving'oa vile vigingi.

Ghala likageuzwa. Ubavu wake mrefu ukatazama bonde. Upande huo, chini karibu na sakafu, fundi aliacha safu ya matundu. Upande wa pili, wa mlimani, aliacha safu nyingine juu kabisa, chini ya paa. Upepo wa kupepetea ungeingia chini, upite kati ya magunia, utokee juu. Sakafu ikawa ya miti ya mikaratusi iliyolowekwa mtoni kwanza ili isitobolewe na wadudu, na ikainuliwa juu ya mawe. Kila tundu lilipewa kifuniko cha ubao na wavu wa fito dhidi ya panya. Lori lingelazimika kusimama mbali kidogo. Mwenyekiti wa kijiji alilalamika juu ya lori. Bi Zaina akamuuliza lori linalala mle ghalani siku ngapi kwa mwaka.

Udongo wa kuta hatukuutoa mbali. Ili kupata uwanja tambarare ilibidi tukate mlima, na kile tulichokikata ndicho tulichokijengea. Wanaume walileta mchanga wa mtoni na kumwaga saruji kidogo sana, kiasi cha kuonyesha heshima, alivyosema Fundi Yohana. Sisi wanawake tulikanyaga. Tulishikana mabega, tukazunguka ndani ya shimo, na Bi Zaina akaongoza wimbo uliowataja waume wavivu kwa majina. Kisha udongo ukaingia kwenye mashine ya mkono, chuma chenye mpini mrefu ambao watu wawili walining'inia juu yake mpaka tofali lishindiliwe. Tofali likitoka linalazwa kivulini chini ya majani ya migomba, linamwagiwa maji kidogo kila siku, halichomwi. Hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya tanuri.

Vigae vya paa tulivitoa kwenye zizi lililoachwa na setla aliyekwisha kuondoka, juu ya njia ya Mlola. Tulisimama mstari mmoja kutoka zizini mpaka barabarani, kigae kinatoka mkono hadi mkono. Mbele yangu kulikuwa na mwalimu mkuu, nyuma yangu shemasi. Vilivyovunjika havikufika kumi, na vingi kati ya hivyo alivunja mwalimu mkuu.

Nasikia siku hizi kuna neno, ujenzi endelevu. Nimelisikia kwenye warsha, likiwa na slaidi. Wakati ule tulikuwa na kile kilichokuwepo na aibu ya moshi wa mwaka uliopita, basi.

Napaswa kuandika pia juu ya kozi tatu za chini, yaani safu tatu za kwanza za matofali.

Mvua ya huku huanguka, halafu huruka kutoka ardhini na kupiga ukuta kwa chini. Fundi Yohana aliliogopa hilo. Kwa hiyo juu ya msingi wa mawe alianza na kozi tatu za matofali ya saruji, yale tuliyoyaokoa kutoka ghala la kwanza, kisha ndipo akapanda na udongo mpaka juu. Halafu akapiga lipu ya chokaa nje, na ukuta wote ukawa mweupe. Ukiutazama usingejua chini ni nini na juu ni nini.

Mgeni rasmi hakujua. Alikuja siku ya ufunguzi, alikuwa na mchoro uleule wa buluu, na katika hotuba yake alisifu matofali ya saruji mara tatu. Likizo yangu ilikuwa imeisha zamani. Safari hii nilikuja nikiwa kazini, na daftari, na viatu vya mjini.

Baada ya hotuba mwenyekiti wetu alinivuta kando. Alikuwa mtu mwema, aliyelala njaa ili wengine wale katika mwaka wa maharage ya moshi. Aliniambia maneno ambayo sikuyaandika kwenye daftari na ambayo nayakumbuka kuliko yote niliyoyaandika.

"Andika saruji, mwanangu. Ukiandika udongo watasema ujamaa wetu ni wa matope."

Nikaandika saruji.

Ningependa kusema nilidanganywa, au nilichanganywa na zile kozi tatu. Hapana. Ule udongo niliukanyaga kwa miguu yangu. Nilikuwa na miaka michache tu kazini, nilitaka kijiji changu kionekane, na neno lile lilipendeza kwenye karatasi. Sikumtaja Bi Zaina wala ungo wake. Nilimtaja mgeni rasmi, mwenyekiti, na "wananchi".

Gazeti lilipofika, lilisomwa gulioni Lukozi kwa sauti, watu wamezunguka. Nilikuwepo, nilikuja kuwasalimu wazazi. Msomaji alipofika kwenye kuta imara za matofali ya saruji, sauti ya Bi Zaina ikatoka nyuma ya mafungu ya kabichi:

"Kumbe ilikuwa saruji. Ndiyo maana miguu ilitupasuka."

Walicheka sana. Nami nilicheka, kwa sababu kutocheka kungekuwa kukiri. Bi Zaina hakuwahi kulirudia neno hilo. Nilipompa shikamoo aliitikia vizuri, akaniuliza habari za mjini, akanifungia mboga, kila mara, kwa miaka yote mpaka alipofariki. Nimehojiwa na watu wakali katika kazi hii. Hakuna aliyenikalia moyoni kama yule mama na fungu lake la mboga.

Ghala lilifanya kazi. Liliendelea kufanya kazi hata watu walipoacha kulima pamoja na kila mmoja akarudi kwenye kipande chake. Lilikuwa na sharti moja tu: lazima mtu afungue matundu alasiri na kuyafunga kabla ukungu haujapanda. Jengo lenyewe halifanyi kitu. Bi Zaina alifanya kazi hiyo kwanza, halafu wengine, sasa Rehema na wenzake kwa zamu. Nimeingia leo mchana. Ni baridi kavu, kunanuka udongo na viazi, na ukisimama katikati saa ile ya kupepetea unasikia hewa ikikupita kwenye visigino.

Nilisimama mle kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kazi.

Mhandisi nilimkuta saa nane, anapima uwanja kwa ajili ya banda. Ni kijana wa adabu. Alinipa shikamoo kabla sijafika. Nilimwambia ninachokijua. Alinipeleka kwenye kona ya chini, mahali lipu ilipobanduka, akanionyesha tofali linalomeguka kwa kidole. Akasema: ni saruji, mama, na ni mbovu. Na gazeti linasema hivyo hivyo. Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Kona ile ni kozi ya pili kutoka chini, na matofali yale yalikuwa mabovu tangu yalipokuwa kwenye ghala la kwanza.

Nikamwambia habari ile ya gazeti niliiandika mimi na si kweli.

Akanitazama. "Sasa mama, unalikanusha gazeti au unajikanusha mwenyewe?"

"Vyote viwili."

Hakucheka, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema hawezi kubadilisha ripoti kwa kumbukumbu ya mtu, hata akiwa mtu mzima. Ningekuwa yeye ningesema vilevile. Nimewakatalia wengi kwa sababu hiyohiyo. Lakini alikubali jambo moja. Atakuja na tindo, atakata kipande cha ukuta mahali nitakapomwonyesha, mbele ya mtendaji na kikundi cha akina mama. Akikuta udongo mzima, ataandika kwamba zibadilishwe kozi tatu za chini, kipande kwa kipande, na lipu ipigwe upya, kazi ambayo fundi yeyote wa Lukozi anaiweza. Akikuta saruji, Jumamosi inabaki palepale.

Mtendaji alikubali kwa sharti lake. Anataka maelezo yangu kwa maandishi, yenye jina na saini, yasomwe kwanza mbele ya watu kama lilivyosomwa gazeti. Nafikiri alidhani nitasita.

Nilisita kidogo. Watoto wa mwenyekiti yule bado wako kijijini, na wanajivunia kipande kile cha gazeti. Ni wao waliokihifadhi miaka yote hii. Rehema alisema nisiwe na wasiwasi, atazungumza nao yeye. Kisha akaongeza kwamba hata nikipata aibu, itakuwa aibu ya mtu mmoja, na viazi ni vya kijiji.

Haya ndiyo maelezo. Nayaweka hapa pia, kwa sababu gazeti lililochapisha habari ile halipo tena na sina mahali pengine pa kuyapeleka.

Sahihisho. Katika habari niliyoandika juu ya ufunguzi wa ghala la kijiji chetu, nilisema kuta zake ni za matofali ya saruji. Si kweli, na nilijua si kweli. Kozi tatu za chini ni za saruji, kutoka ghala la kwanza. Kuanzia hapo hadi kwenye paa ni udongo wa eneo lilelile, uliokanyagwa na wanawake wa kijiji. Jengo lilielekezwa bondeni kwa ushauri wa Bi Zaina, ambaye sikumtaja. Aliyejenga ni Fundi Yohana, ambaye pia sikumtaja. Kosa ni la mwandishi.

Ukataji ni Jumanne, saa nne asubuhi, ukuta wa upande wa bonde, kozi ya saba kutoka chini. Gari la kwanza la kwenda Lukozi linaondoka Lushoto saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami nitakuwemo.